Samadi Ni Akiba ya Nyumbani
(Hotuba ya Kamati iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na ndugu wanachama wote mliotoka nyumbani Vihiga na mliosafiri kutoka Nairobi, Kisumu na Mombasa:

Mweka Hazina amekwisha kuwasomea hesabu ya mazishi na ya karo. Sisi tumepewa kazi ya kunena juu ya jambo moja tu, ambalo lilituachia deni la maneno tangu mwaka uliopita.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano ule mzee mmoja alisimama na fimbo yake akauliza: “Fedha ya Chama ni ya mazishi na ya karo. Ninyi wa Kamati mmeitoa mkawakopesha watu wajenge mashimo ya mavi ya ng'ombe, mashimo sita. Sasa nasikia mawili yamekufa. Je, tuzike watu, au tuzike fedha?” Watu walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa mzee alikuwa amenena kweli, na hatukuwa na jibu.

Baada ya mkutano tulijigawa makundi mawili, tukazitembelea nyumba zote sita. Hatukwenda kama wageni wa kunywa chai, bali kama watu wanaotafuta kosa lao. Leo twawaletea tuliyoyaona, ili kabla ya kuondoka hapa ninyi wenyewe mwamue kama mkopo huu uendelee au ufungwe.

Kwanza yafaa tukumbushane kwa nini jambo hili lilianzishwa. Mashamba yetu ni madogo. Wengi wetu twalima ekari moja au pungufu, na mahali hapo hapo pana nyumba, migomba, mahindi, majani ya napia na kaburi la babu. Kila debe la mahindi, kila kikapu cha majani chai na kila lita ya maziwa iendayo sokoni huondoka na sehemu ya nguvu ya udongo. Nguvu hiyo isiporudishwa, shamba huchoka kama mtu anayefanya kazi bila kula. Mbolea ya dukani huirudisha, lakini bei yake twaijua sote.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya duka lolote kufunguliwa. Boma la ng'ombe lilipohamishwa, palipokuwa boma palipandwa mahindi na mboga, na mazao yake yalionekana kwa mbali kwa ukijani. Samadi hiyo hiyo mama zetu waliisiliba sakafuni, nyumba ikawa safi bila vumbi. Basi samadi haijapata kuwa takataka kwetu. Imekuwa takataka siku hizi, kwa sababu ng'ombe hufungwa zizini mahali pamoja, samadi ikarundikana mlangoni, mvua ikaichukua hadi mtoni, nasi tukaenda dukani kununua kile kile tulichokiacha kipotee.

Wataalamu nao walilifikiri jambo hili zamani. Huko Indore, Bara Hindi, kati ya mwaka 1924 na mwaka 1931, Mwingereza Albert Howard alitengeneza utaratibu wa kuozesha pamoja samadi, majani na mabaki ya shamba hata yakawa mboji. Na katika miaka ya 1930 baadhi ya mashamba ya kahawa hapa Kenya yaliufuata. Kisha, mwaka 1957, mkulima Tim Hutchinson alijenga mtambo wa kwanza wa gesi ya samadi katika nchi hii, kwenye shamba lake la kahawa. Alipoona jinsi masazo ya mtambo yalivyofaa mimea, mwaka uliofuata alianza kuwajengea wengine kwa biashara. Na twawaomba mlisikilize vema neno hili: bidhaa aliyoitangaza kwanza ilikuwa mbolea. Gesi ilikuwa nyongeza.

Sisi tulikuja tukaligeuza jambo hilo kichwa chini miguu juu. Tuliusifu moto tukasahau mbolea, na humo ndimo kosa letu lilimo.

Ili sote tuelewane, tueleze kazi ya mtambo. Mtambo wa gesi ni kama tumbo la pili la ng'ombe. Vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo vilianza kazi tumboni mwa mnyama, huendelea kuila samadi ndani ya shimo lililofunikwa lisiingie hewa. Katika kula huko hutoka gesi iitwayo bayogesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, nayo huwaka moto wa buluu usio na moshi wala masizi. Vijidudu hivyo hupenda joto. Mahali penye baridi kali hulegea, na gesi hupungua.

Hesabu yake si ngumu. Kilo 1 ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa kiasi cha lita 30 mpaka 40 za gesi. Ng'ombe wawili wa gredi wafugwao zizini wakitupatia kilo 30 kwa siku, tutapata kiasi cha lita 1,000 za gesi. Jiko la nyumbani hutumia lita 200 mpaka 450 kwa saa, kwa hiyo moto huo watosha kupikia kwa muda wa saa mbili mpaka tano, kwa kadiri mama atakavyoufungua. Nyumba yenye moto huo imepumzika kutafuta kuni, na macho na vifua vya mama na watoto vimepumzika moshi. Hili ni jambo kubwa, wala hatulidharau.

Lakini hesabu haiishii hapo. Kilo 30 za samadi huchanganywa na maji lita 30 kabla ya kuingizwa. Basi kila siku huingia kiasi cha lita 60, na kwa kuwa gesi ni nyepesi sana, karibu lita 60 hizo hizo husukumwa nje upande wa pili, zikiwa tope laini lisilonuka sana. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya lita 21,000. Twauliza: lita hizo 21,000 huenda wapi?

Tukipima tena, samadi mbichi ina kiasi cha gramu 4 za naitrojeni katika kila kilo, nayo naitrojeni ndiyo ikuzayo majani. Kwa ng'ombe wawili wale, hiyo ni kiasi cha kilo 40 kwa mwaka. Gunia moja la CAN la kilo 50 lina kilo 13 za naitrojeni. Ndiyo kusema kwamba mlango wa nyuma wa mtambo hutoa kwa mwaka karibu nguvu ya magunia matatu, bila kuhesabu fosforasi na potasiamu. Gesi huondoka na methani. Naitrojeni hubaki katika tope.

Sasa tuje kwenye mitambo yetu sita.

Katika nyumba ya kwanza tulikuta mtambo umekauka. Mkopo ulipotolewa palikuwa na ng'ombe wawili. Mmoja aliuzwa kwa ajili ya karo ya kijana aliyeitwa shule ya sekondari, wala hatuwezi kumlaumu baba huyo, kwani sisi wenyewe humsifu mzazi asomeshaye. Aliyebaki hakutosha kuulisha mtambo. Tena maji yalitoka chemchemi ya bondeni, na kila ndoo ilipanda kichwani pa mama. Ulipofika mwezi wa Januari, na chemchemi ikapungua, mama alichagua maji ya ng'ombe na ya watoto. Alichagua vema. Mtambo usiolishwa hufa kama mfugo mwingine. Kamati ilikuwa imehesabu ng'ombe, haikuhesabu ndoo.

Nyumba ya pili ilituhuzunisha zaidi, kwani ng'ombe walikuwapo, maji yalikuwapo, na mtambo ulikuwa mzima. Hata hivyo ulikuwa umeachwa kwa hiari. Tulipouliza sababu, mama wa nyumba alituongoza nyuma. Mdomo wa kutolea tope ulielekea mtaroni, mtaro ukaelekea mpakani kwa jirani, na kutoka hapo mpaka kijito wanapoteka maji. Jirani alilalamika mara ya kwanza na ya pili; mara ya tatu alimleta liguru. Mama akaona ni heri kurudia kuni kuliko kugombana na watu watakaomzika. Kisha alitwambia neno ambalo hatulisahau: “Kamati imekuja hapa mara tatu kuuangalia moto. Hakuna hata mmoja wenu aliyezunguka nyuma.”

Ndugu wanachama, hatukuwa na la kumjibu. Ni kweli kwamba tuliwasha jiko, tukapiga picha, tukaandika katika taarifa kwamba kazi imekwisha. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tulisifiwa kwa ule moto, tukalala.

Lakini hatukukuta msiba kila mahali. Katika nyumba nne zilizobaki mitambo inawaka, na ile ya mama mmoja mjane ilitufundisha kuliko kitabu. Shamba lake halifiki ekari moja. Kwa jembe lake amechimba shimo dogo penye mdomo wa mtambo, akaliezeka kwa majani ya migomba lisipigwe na jua. Kutoka shimo hilo ametoa mifereji myembamba inayoteremka kati ya mistari ya napia. Kila asubuhi hufungua mfereji mmoja kwa kipande cha ubao, akaufunga wa jana na kuufukia kwa udongo. Tulimwuliza kwa nini aufukie. Akasema ameona kwamba tope liachwalo juani hupoteza nguvu. Naye ana haki, kwani sehemu kubwa ya naitrojeni ya tope huwa tayari kuliwa na mimea, lakini pia ni nyepesi kuruka hewani.

Napia hiyo hula ng'ombe, ng'ombe huulisha mtambo, mtambo huilisha napia. Mama huyo hajanunua mbolea ya napia tangu mvua ndefu, na deni lake kwa Chama hulilipa kila mwezi kwa simu siku apokeapo fedha ya maziwa, bila kukumbushwa. Tulipomsifu kwa moto wake alicheka, akasema, “Moto ni zawadi. Kazi yangu ni hii mifereji.” Basi yeye, ambaye hakusoma habari za mwaka 1957, amefika mahali pale pale.

Sasa twaomba ruhusa tunene na wale wasio na ng'ombe wawili, maana Chama ni cha wote. Mtambo haufai kila nyumba, na asiyefaa kuwa nao asione haya. Mwenye ng'ombe mmoja, au mbuzi wachache, ana mboji. Panga majani makavu na mabua, kisha samadi, kisha majani mabichi, kisha udongo kidogo, ukinyunyiza maji kila safu hata rundo likifinyangwa liwe nyevu bila kuchuruzika. Rundo likifika urefu wa kiuno cha mtu na kufunikwa, litapata joto la kiasi cha nyuzi 60 za sentigredi ndani yake, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Ligeuzwe mara kwa mara, la nje liingie ndani. Ukichomeka kijiti kirefu ukakitoa kikiwa cha moto, ujue kazi inaendelea. Kikitoka baridi kabla ya wakati, geuza au ongeza maji. Gharama yake ni jasho tu.

Mwenye kuku ajue kwamba samadi ya kuku ni kali, huunguza mimea ikitiwa mbichi. Sharti nayo iozeshwe pamoja na majani makavu. Tena iko njia nyingine. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimechunguza ufugaji wa nzi aitwaye askari mweusi. Nzi huyu haumi watu, wala hafuati chakula mezani. Mabuu yake hula samadi ya kuku na mabaki ya jikoni kwa muda wa majuma mawili hivi, yakanona; yakichemshwa na kukaushwa huwa chakula cha kuku chenye protini nyingi, na masazo yake ni mbolea. Vijana wetu wanaotafuta kazi wasilidharau jambo hili kwa sababu ya jina la nzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na penye wingi wa taka, watu wamefika mbali zaidi. Huko Kiserian katika Kajiado, machinjio ya Keekonyokie yamegeuza damu na mavi ya matumboni kuwa gesi ya kutumika. Kilichokuwa uvundo na kero kikawa nishati. Hatusemi nasi tufanye hivyo kesho. Twasema tu kwamba njia hii imepitwa na Waafrika wenzetu, si ndoto ya kitabuni.

Kabla ya kufika mwisho, yako maonyo ambayo Kamati ingekosea kuyaficha. Mtu asiingie kamwe ndani ya shimo la mtambo, hata likiwa limeachwa siku nyingi, wala asimfuate mwenzake aliyeanguka humo; hewa ya mle huua kwa dakika chache, na anayekimbilia kuokoa huanguka naye. Mdomo wa mtambo na shimo la tope vifunikwe au vizungushiwe ua, watoto wasitumbukie. Tope bichi lisimwagiwe mboga zitakazoliwa bila kupikwa, kwa maana vijidudu vya maradhi havifi vyote mtamboni. Ukisikia harufu ya yai bovu jikoni, funga bomba, fungua madirisha, usiwashe kiberiti. Na gesi isiachwe itoke ovyo angani, kwani methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa iliyo sawa nayo kwa uzito.

Basi twarudi kwa swali la mzee. Je, tuzike fedha? Jibu letu ni hapana. Lakini pia hatusemi mkopo uendelee kama ulivyokuwa. Twaleta mbele yenu mashauri matano, muyapime:

Kwanza, asipewe mtu mkopo wa mtambo mpaka Kamati ione kwa macho yake ng'ombe wasiopungua wawili zizini, na maji ya kutosha nyumbani, yakiwamo ya mwezi wa Januari. Tangi la kukinga mvua ya bati lihesabiwe kuwa sehemu ya mtambo.

Pili, fedha ya shimo la tope na mifereji iwemo katika mkopo tangu mwanzo, na fungu la mwisho lisitolewe mpaka tope lionekane limefika shambani kwa mwenyewe, si mpakani kwa jirani.

Tatu, mama wa nyumba atie sahihi pamoja na baba. Yeye ndiye abebaye ndoo na kukoroga samadi, na atakayeambiwa habari baada ya kazi kupangwa hataipenda kazi hiyo.

Nne, asiyefaa kwa mtambo akopeshwe kiasi kidogo cha jembe, toroli na paa la zizi, ili atengeneze mboji, naye ahesabiwe mwanachama aliyeendelea kama mwingine.

Tano, kuhusu mitambo miwili iliyolala. Kosa lilikuwa letu zaidi kuliko la wenye nyumba. Twaomba Chama kikubali kuuelekeza upya mdomo wa mtambo wa pili, na Kamati imeanza kuchanga katika mifuko yake kwa kazi hiyo. Jirani na liguru wamekwisha kuelezwa, nao wameridhia. Kwa nyumba ya kwanza, twaomba muda wa kulipa uongezwe hata kijana amalize shule, na shimo lifunikwe salama mpaka ng'ombe wa pili apatikane.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu leo Katibu atakuwa na daftari la samadi kama alivyo na daftari la mazishi: ng'ombe wangapi, maji kutoka wapi, na ukurasa mmoja wenye swali moja tu, yaani, tope limekwenda wapi? Mjumbe wa Kamati akitembelea nyumba yoyote, na ajaze ukurasa huo kabla ya kuonyeshwa moto.

Wazee wetu, ninyi mliturithisha ardhi ikiwa na nguvu. Sisi twaigawa vipande vidogo kila kizazi, na hatuna njia ya kuipanua. Tuwezalo ni kuirudishia chakula chake, ili wajukuu wasirithi mipaka mitupu. Fedha ya mazishi itunzwe, maana ni heshima yetu. Lakini ardhi tutakayozikwa humo nayo yataka kutunzwa, kwa kuwa walio hai watakula humo humo.

Twaomba radhi kwa tulipokosea, na twangoja uamuzi wenu kwa unyenyekevu. Mtakapopiga kura, kumbukeni mama wa nyumba ya pili. Sisi tumekwisha kuzunguka nyuma.



Ni sisi watumishi wenu,
Kamati ya Chama